Mani planti: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Inaniuma kuona mani planti zinakufa mikononi mwa watu wanaozipenda, kwa hiyo nimekusanya hapa maswali yote ninayoulizwa, na majibu nimeyaandika kama vile tumekaa wote tunauangalia huo mmea wako. Mani planti ninayoiongelea ni ile ya majani yenye umbo la moyo, kijani na mabaka ya njano au meupe, inaning'inia kutoka juu ya kabati au inatambaa dirishani. Kama una haraka soma swali la maji peke yake afu urudi siku nyingine, maana karibu zote ninazoletewa zikiwa hoi tatizo ni hilo hilo.

Hivi huu mmea unaitwaje hasa? Kila mtu ana jina lake

Kwa wanasayansi ni Epipremnum aureum, wengine wanauita pothosi, wengine mani planti, ni mmea ule ule. Kwao asili ni kisiwa cha Moorea, kwenye visiwa vya Polinesia ya Ufaransa huko bahari ya Pasifiki, ingawa saa hivi umesambaa dunia nzima. Na hayo majina mengi yana sababu yake, wataalamu wa mimea wanaangalia sana maua ili kujua mmea ni wa ukoo gani, sasa huu maua hautoi, basi wakawa wanakisia. Mwaka 1880 uliandikwa kama Pothos aureus, ukahamishwa ukoo mmoja, ukahamishwa tena, mpaka 1964 ndo ukapata hili jina ulilonalo leo. "Pothosi" likabaki midomoni mwa watu tu.

Angalizo, kuna mmea mwingine wenye majani manene ya mviringo yaliyojaa maji ndani, nao watu wanauita mani planti. Huo sio huu. Ukiumwagilia kwa maelezo ya hapa utauozesha.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Hakuna idadi, na yeyote anayekupa idadi hajauona mmea wako. Mani planti iliyo karibu na dirisha kwenye chungu cha udongo cha kufinyanga inaweza kukauka ndani ya siku nne, ile ile ukiiweka kwenye kopo la plastiki kona ya ukumbi inamaliza wiki mbili na udongo bado umeloa. Hali ya hewa ikibadilika nayo inabadilika. Kwa hiyo usihesabu siku, gusa udongo.

Kugusa kwenyewe ni hivi, unaingiza kidole mpaka kiungo cha pili, yani kama sentimita nne tano hivi, sio kugusa juu juu, maana juu panakauka haraka wakati chini ni tope. Kidole kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo umeganda wa baridi, ondoka, rudi baada ya siku mbili. Ukishazoea utaweza hata kunyanyua chungu tu ukajua, kikiwa chepesi kina kiu kikiwa kizito bado, mimi nyingi nazipima hivyo siku hizi.

Na ukiamua kumwagilia mwagilia kweli kweli. Usitie nusu kikombe kila asubuhi, hiyo inalowesha juu tu na mizizi ya chini haipati kitu, au mbaya zaidi inakaa na unyevu usioisha. Mwaga maji taratibu kuzunguka chungu kizima mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, subiri kama nusu saa, afu yale yaliyobaki kwenye kisahani yamwage. Basi, mpaka udongo ukauke tena.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwa sababu mizizi inapumua. Kati ya chembe za udongo kuna vinafasi vidogo vya hewa, ukijaza maji muda wote hewa haipo, mizizi inaanza kufa, na ikishaanza kufa vimelea vya kuozesha vilivyomo udongoni vinaingia na kumalizia kazi. Kinachochanganya watu ni kwamba mmea ambao mizizi imeoza unanyauka sawasawa na mmea wenye kiu, maana hauna tena cha kunywea maji. Mtu anaona umelegea, anasema una kiu, anaongeza maji. Mani planti yangu ya kwanza niliipoteza kwa njia hiyo hiyo, niliimwagilia kila siku kabla ya kutoka nyumbani, na ilivyozidi kulegea ndo nikazidi kuimwagilia, siku naitoa kwenye chungu mizizi yote ilikuwa imekuwa kamasi. Kwa hiyo ukiona umelegea kidole kwanza, jagi baadae.

Majani yanageuka njano, shida nini?

Inategemea ni majani gani na mangapi. Kama ni jani moja la chini kabisa karibu na udongo, na mengine yote yako freshi, hilo limezeeka, likate au lisubiri lidondoke lenyewe. Mmea unavyotoa majani mapya mbele unaachia ya zamani nyuma.

Kama ni mengi kwa pamoja, cheki udongo. Udongo umeloa na majani ni njano laini, hapo ni maji mengi, nenda moja kwa moja swali linalofuata. Udongo mkavu mpaka umeachana na kingo za chungu, majani yamejikunja na yanakauka kama karatasi, hiyo ni kiu, na uzuri wake kiu inatibika ndani ya siku moja. Ila udongo uliokauka kiasi hicho huwa unayakataa maji, ukimwaga yanapita pembeni na kutoka chini bila kulowesha kitu, sasa hapo chukua beseni tia maji, kalisha chungu ndani yake nusu saa udongo unywe kutokea chini.

Mabaka makavu ya rangi ya kahawia iliyopauka katikati ya jani, tena upande unaoangalia dirisha, hayo ni ya kuunguzwa na jua. Ncha tu ndo zimekauka? Mara nyingi ni chumvi ya mbolea iliyojazana kwenye udongo au mmea kuachwa ukauke mno mara kwa mara. Ukiona utando mweupe juu ya udongo ujue ni hizo chumvi, mwagilia maji mengi yapite yatoke chini, rudia mara tatu nne mfululizo siku hiyo hiyo.

Jani likishakuwa njano halirudi kuwa kijani hata ufanyeje. Usilingojee. Angalia majani mapya yanayotoka, hayo ndo yatakuambia kama umeponya au bado.

Mizizi imeoza, bado naweza kuiokoa?

Mara nyingi ndiyo, na hapa ndo naupendea huu mmea. Utoe wote kwenye chungu, osha mizizi kwenye maji yanayotiririka mpaka uione vizuri. Mizizi mizima ni migumu, myeupe au ya kahawia nyepesi. Iliyooza ni myeusi, inateleza, ukiivuta ganda linatoka unabaki na kauzi kembamba, na inanuka. Chukua mkasi uliousafisha kwa spiriti, kata yote iliyooza bila huruma, ukibakiza hata mizizi mitatu mizima inatosha. Udongo wa zamani tupa, chungu kioshe na sabuni, panda kwenye udongo mpya uliolowa kidogo tu, na chungu kiwe kidogo kuliko cha mwanzo sababu mizizi imepungua.

Kama hakuna hata mzizi mmoja mzima, panda juu kwenye shina, kata kipande ambacho bado ni kigumu na kijani, kioteshe upya. Namna ya kuotesha iko chini. Kama shina lote limelainika mpaka juu, hapo hakuna la kufanya.

Nimeambiwa inaishi hata gizani, ni kweli?

Inavumilia, haipendi. Ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya. Ukiiweka kwenye kona yenye mwanga hafifu haitakufa mwezi huo wala mwezi ujao, ila itasimama pale pale, shina litarefuka likitafuta mwanga, majani yatakuwa madogo na yameachana mbali mbali, na udongo hautakauka kwa sababu mmea hautumii maji, afu unarudi kwenye kuoza. Chumba kisicho na dirisha kabisa bila taa ya kuwashwa masaa mengi, hapana, usiutese.

Inachopenda ni mwanga mwingi lakini sio jua lenyewe kuipiga. Karibu na dirisha lenye pazia jepesi ni mahali pazuri sana. Kipimo rahisi, weka mkono wako juu ya mmea mchana, angalia kivuli chake. Kivuli kikali chenye kingo zinazoonekana wazi, jua ni kali hapo, sogeza nyuma. Kivuli laini lakini unaona kabisa ni mkono, hapo hapo pawe kwake. Huoni kivuli chochote, giza. Jua la asubuhi la mapema au la jioni kabisa halina shida, la mchana ndo linaunguza.

Taa nazo zinafanya kazi. Taa nyeupe ya LED yenye nguvu ikikaa karibu, kama nusu mita hivi, ikiwashwa masaa kumi na mawili kwa siku, mani planti inakua vizuri tu.

Mbona mabaka yamepotea, majani mapya yote ni kijani?

Mwanga mdogo mara nyingi. Sehemu ile nyeupe au ya njano haina au ina kidogo sana ile rangi ya kijani ambayo mmea unatumia kutengeneza chakula, sasa mwanga ukipungua majani ya kijani yanaupa mmea chakula zaidi kuliko ya mabaka. Usogeze kwenye mwanga, halafu hilo tawi la kijani tupu likate kurudi nyuma mpaka pale penye jani la mwisho lililo na mabaka, chipukizi litakalotoka hapo lina nafasi kubwa ya kuja na mabaka yake. Usipokata, lile la kijani litaendelea kukua haraka kuliko mengine na baada ya muda chungu chote ni kijani.

Kinyume chake pia kipo, hasa kwenye ile aina inayoitwa Marble Queen, tawi linaweza kuanza kutoa majani meupe tupu. Yanapendeza sana lakini hayajilishi, yanakula jasho la mengine. Ukilikata hilo tawi ukaliotesha peke yake litakufa. Ile ya Neon, yenye rangi moja ya njano-kijani inayong'aa, nayo ikikosa mwanga inafifia.

Mmea umekuwa mrefu lakini juu kuna upara, mashina matupu tu

Kata. Najua inauma, mtu ameingoja miaka miwili ifike chini sakafuni, lakini kata. Ncha ya shina inatoa homoni inayozuia machipukizi ya nyuma yasiamke, ndo maana mani planti isiyokatwa inakwenda mbele tu kama kamba. Ukiondoa ncha, zile jicho zilizolala nyuma zinaamka na unapata machipukizi mapya karibu na udongo. Kata sentimita moja hivi mbele ya kifundo, yani pale palipovimba jani linapoungana na shina, sio juu ya kifundo chenyewe.

Na hivyo vipande ulivyokata usitupe, viotesheni na mvirudishe kwenye chungu hicho hicho kule juu palipo na upara. Vile vyungu mnavyoviona vimejaa kama nywele nene sio mmea mmoja uliojigawa, ni mashina kumi au kumi na tano yaliyopandwa pamoja. Hii ndo siri yote.

Niotesheje kipande? Nimeweka jani kwenye maji miezi mitatu halitoi kitu

Kwa sababu ni jani peke yake. Jani na kikonyo chake linaweza kukaa kijani kwenye maji muda mrefu likakudanganya, lakini shina jipya halitoi. Unahitaji kifundo. Angalia shina kwa karibu, pale kila jani linapoungana na shina pamevimba kidogo, na upande wa pili utaona kijinundu cha kahawia, huo ni mzizi wa hewani unaosubiri kupata unyevu. Hapo ndo uhai ulipo.

Kwa hiyo kata kipande chenye kifundo kimoja mpaka vitatu na jani angalau moja, toa jani litakalozama kwenye maji maana litaoza, weka kwenye glasi kifundo kikiwa ndani ya maji na jani nje. Weka penye mwanga. Maji badilisha kila wiki, au mapema zaidi yakianza kuwa na ukungu. Wiki moja mpaka tatu utaona mizizi myeupe, ikifika kama sentimita tano panda.

Unaweza pia kupanda kwenye udongo moja kwa moja bila kupitia maji, mimi naipenda zaidi hii kwa sababu mizizi inayotoka inakuwa imezoea udongo tangu mwanzo. Ile iliyozaliwa kwenye maji ni laini, ukiihamishia udongoni inashtuka, inabidi wiki mbili za mwanzo udongo usikauke kabisa, afu pole pole ndo unaizoesha maisha ya kawaida.

Usipande kimoja. Weka hata vitano sita kwa pamoja.

Inaweza kuishi kwenye maji tu moja kwa moja?

Inaweza, miaka na miaka. Haitakuwa kubwa kama ya kwenye udongo ila itakuwa nzuri. Maji hayana chakula kwa hiyo mara moja kwa mwezi tia matone machache ya mbolea ya maji, pungufu sana ya ilivyoandikwa kwenye chupa. Chupa ya rangi ya giza ni bora kuliko ya kioo cheupe, mwanga ukipenya unaota utando wa kijani kwenye mizizi. Wenye matanki ya samaki wananing'iniza mizizi yake kwenye tanki na majani yanabaki nje, inafaa sana, kinyesi cha samaki kinageuka mbolea na mmea unasaidia kuyasafisha maji. Hakikisha tu samaki wako sio wale wanaotafuna mizizi.

Udongo gani, na chungu gani?

Udongo unaopitisha maji. Udongo uliochotwa shambani peke yake ukiuweka ndani ya chungu unashikana kama tofali baada ya miezi michache, changanya. Mimi natumia nusu udongo mzuri wenye mboji, robo makumbi ya nazi yaliyosagwa, robo perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya mimea) au mchanga mnene ule wa chembe kubwa, sio mchanga laini kama unga. Kipimo cha mwisho ni kuloweka konzi moja na kuikamata kwa mkono, ukifungua inatakiwa ipasuke kirahisi.

Chungu kiwe na matundu chini. Hapa sina mjadala. Kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hazisaidii chochote, maji yanakaa pale pale, kiwango chake tu ndo kinapanda kukaribia mizizi. Kama umekipenda chungu kizuri kisicho na tundu, panda kwenye kopo lenye matundu afu likalishe humo ndani kama vazi, siku ya kumwagilia unalitoa.

Kuhamisha fanya mizizi ikianza kuchungulia chini au ukimwagilia maji yanapita mbio bila kukaa, kwa kawaida mwaka mmoja mpaka miwili. Ongeza upana sentimita tatu mpaka tano tu. Chungu kikubwa mno kinabaki na udongo mwingi uliolowa usio na mizizi ya kuunywa.

Mbolea?

Kidogo. NPK, ile mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, yenye namba zinazolingana, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unatoa majani mapya. Usiweke kwenye udongo mkavu, mwagilia kwanza. Usiupe mmea mgonjwa mbolea.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani

Hao ni vidung'ata, wanafyonza utomvu. Tenga huo mmea leo hii hii usije ukaambukiza mingine. Chovya pamba kwenye spiriti futa mmoja mmoja, pita kila kona ya kikonyo na chini ya majani, halafu osha mmea wote kwa maji yenye sabuni ya maji kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Rudia kila baada ya siku saba, mara nne. Watu wengi wanafanya mara moja, wanaona pameisha, wanaacha, afu mayai yanaanguliwa.

Utando mwembamba kama wa buibui na majani yenye vidoa vidoa vilivyopauka ni utitiri, wanapenda hewa kavu na vumbi, dawa ni ile ile ya sabuni na kuosha majani mara kwa mara. Vijiinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu, hivyo vinazaliana kwenye udongo wa juu uliolowa muda wote, acha udongo ukauke zaidi kati ya kumwagilia na kumwagilia na vitapungua vyenyewe.

Futa majani kwa kitambaa chenye maji kila mwezi, hata kama hakuna mdudu. Vumbi linazuia mwanga, na ukiwa unafuta ndo unawaona hao wadudu mapema.

Nina mtoto anayetambaa na paka, ni hatari?

Ndiyo, na tafadhali usilichukulie juu juu. Majani na mashina yana vijichembe vya kalsiamu oksaleti vyenye umbo la sindano ambavyo havionekani kwa macho, mtu au mnyama akitafuna vinachoma mdomo, ulimi na koo, vinaleta maumivu makali, kuvimba, mate kutiririka, kwa paka na mbwa kutapika. Mara chache sana inafika mahali pa kuua, maana ule uchungu wenyewe unamfanya aache baada ya tafuno la kwanza, lakini mtoto mdogo akivimba koo hiyo ni dharura.

Ikitokea, toa mabaki mdomoni, msukutue au mfute kwa kitambaa kilicholowa, mpe maji ya kunywa, na mpeleke kwa daktari, kwa mnyama daktari wa mifugo. Akipumua kwa shida usisubiri hata dakika. Na njia ya kweli ni kutundika mmea juu pasipofikika na kukata matawi yakianza kushuka, kumbuka unaning'inia na unarefuka, kilichokuwa mbali mwezi uliopita leo kiko usoni kwa mtoto. Paka anaruka popote, kama paka wako ni mtafunaji wa majani bora uchague mmea mwingine.

Wenye ngozi nyepesi wanawashwa wakigusa utomvu, vaa glavu ukiwa unakata.

Ni kweli inasafisha hewa ya chumba?

Hii ilianza na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, uliotoka 1989, walifungia mimea kwenye maboksi yasiyopitisha hewa na kweli ilipunguza kemikali kama benzini. Ila nyumba yako sio boksi lililozibwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani walipitia tafiti nyingi za aina hiyo wakapiga hesabu wakaona ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka ndani ya jengo kwa kawaida tu, ungehitaji kati ya kumi na elfu moja kwa kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha. Mani planti ifuge kwa uzuri wake.

Nimeona za watu majani makubwa kama sinia, mbona zangu ni kiganja tu?

Kwa sababu zako zinaning'inia. Huu mmea kwao porini unapanda miti, unafika mita ishirini kwenda juu, na ukishika mti vizuri majani yake yanakua mpaka karibu mita moja na yanachanika chanika pembeni, ukiyaona huwezi kuamini ni mmea huo huo wa kwenye kabati. Ukiuacha unashuka chini unabaki kwenye umbo lake la utotoni maisha yote.

Ukitaka majani makubwa upe kitu cha kupanda, nguzo iliyofungwa makumbi ya nazi, na uiloweshe mara kwa mara ili mizizi ya hewani iingie na kushika kweli. Kuifunga kwa kamba kwenye fimbo kavu haitoshi. Ndani ya nyumba hutapata mita moja, lakini utaona kila jani jipya linalizidi la nyuma yake, na mwanga uwe mwingi.

Itatoa maua lini?

Usiyasubiri. Mwaka 2016 watafiti waligundua mmea huu una hitilafu kwenye jeni inayohusika kutengeneza homoni ya jiberelini, ndo maana hautoi maua wenyewe, walipoupulizia hiyo homoni ukatoa. Kila mani planti unayoiona imetokana na kukata na kuotesha, kukata na kuotesha.

Asubuhi nakuta matone ya maji kwenye ncha za majani

Kawaida kabisa. Usiku mizizi ikiwa na maji mengi mmea unatoa ya ziada kwenye ncha. Ikitokea kila siku ujue umezidisha maji kidogo.

Nasafiri wiki tatu, nifanyeje?

Mwagilia vizuri siku ya kuondoka, usogeze mbali kidogo na dirisha ili upunguze kunywa, ondoka. Utaukuta. Tafadhali usimwachie jirani funguo na maelekezo ya kumwagilia kila siku.

Naweza kuupanda nje tu chini?

Kama unakaa sehemu ya joto isiyo na baridi kali, utakua, na shida inaanzia hapo hapo. Sri Lanka, Hawaii na kusini mwa Florida umeshaingia misituni, unafunika ardhi na kupanda miti, mimea ya asili inakosa nafasi. Kipande kimoja chenye kifundo kikianguka penye unyevu kinaota. Kwa hiyo nje weka kwenye chungu, kivulini, na mabaki uliyokata usiyatupe bondeni wala mtoni, yakaushe juani mpaka yawe makavu kabisa ndo utupe. Nyuzi joto zikishuka chini ya kumi uingize ndani, majani yanaanza kuwa meusi.

Imebaki kijiti kimoja hakina hata jani, niutupe?

Subiri kwanza. Kikune kidogo kwa kucha, kama chini ya ganda ni kijani bado kiko hai. Kikate vipande, kila kipande kiwe na kifundo chake, vilaze juu ya makumbi ya nazi yaliyolowa au mchanga uliolowa ndani ya kopo lenye mfuniko, visifukiwe, vilale tu nusu vimezama, kile kijinundu cha mzizi kikiangalia chini. Funika, weka penye joto na mwanga usio jua. Fungua kila siku mbili tatu hewa iingie, kinachooza kitoe.

Inaweza kuchukua mwezi, saa zingine miwili, na utaona kama hakuna kinachoendelea. Mimi nina moja sebuleni imezunguka dirisha lote, ilianza na kijiti cha urefu wa kidole ambacho mtu alikuwa amekitupa, siku ya arobaini na kitu hivi nikafungua kopo nikakuta ncha ya kijani imechomoza ubavuni mwa kifundo, ndogo kama punje ya mchele.